Soketi Moja Haitoshi: Majibu kwa Watetezi wa Umeme wa Kubahatisha Katika Kambi za Pwani ya Tanga

Wasomaji wa Tanga na Pangani mmekwisha kuzisikia hoja hizi. Zinatolewa na wenye viwanja vya kambi, na baadhi ya mafundi wanaowafungia umeme, na madereva wanaokuja na magari ya kulala kutoka Afrika Kusini, Ulaya, au Kenya kupitia Horohoro. Mgeni anafika ufukweni Kigombe au Ushongo na kampa yake, gari lenye kitanda, jiko, friji na mara nyingi kiyoyozi juu ya paa. Anauliza umeme uliopo ni wa kiasi gani. Anajibiwa: “Upo, chomeka hapo.” Nyuma ya jibu hilo fupi kuna madai kadhaa, na kila dai lina watetezi wake. Nitayaeleza moja baada ya jingine kama wenyewe wanavyoyasema, bila kuyapunguzia nguvu, kisha mtapima kama yanasimama. Kipimo ni kimoja: volti mara ampea ni wati. Hakibadiliki kwa Tanesco wala kwa jenereta, wala kwa mgeni wa nchi yoyote.

Dai la kwanza linasema suala la uwezo limekwisha, kwa kuwa nchi sasa ina umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Nusu hiyo ya hoja ni kweli, na inafaa kufurahiwa. Kosa liko kwenye “kwa hiyo” inayofuata. Tangi la maji likijengwa kubwa kiasi gani mlimani, bomba la nusu inchi linaloingia jikoni kwako linabaki la nusu inchi. Tanga ilipaswa kuwa ya mwisho kudanganyika hapa, maana mto Pangani umezungusha mitambo ya Hale, megawati 21, tangu miaka ya 1960, na ya New Pangani Falls, megawati 68, tangu 1995, na miaka yote hiyo wapo watu jirani na mto huohuo ambao taa zao hufifia jioni. Kinachomgusa mwenye kambi ni transfoma iliyo kwenye nguzo ya kijiji chake. Transfoma ya kVA 50 yenye fezi tatu hutoa ampea 72 hivi kwa kila fezi. Kampa tatu zikivuta ampea 16 kila moja kwenye fezi moja, zimechukua 48, yaani theluthi mbili ya fezi ambayo pia inalisha zahanati, mashine ya kusaga na nyumba za majirani. Hakuna megawati ya Rufiji inayobadilisha hesabu hiyo.

Dai la pili ndilo lililozaa mengine: soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya pini tatu bapa, inatosha gari lolote, kwa sababu inawasha pasi na birika bila shida. Tulitendee haki. Soketi hiyo ni ya ampea 13, na kwa volti 230 inatoa wati 2,990. Si kidogo. Kwa mgeni mwenye friji ndogo, taa na simu za kuchaji, inazidi mahitaji yake mara kadhaa. Ila neno lililotumika ni “lolote”. Chukueni kampa yenye kiyoyozi cha wati 1,200, chaja ya betri ya wati 500, na mama mwenye gari anachemsha maji ya chai kwa birika la wati 2,000. Jumla ni wati 3,700, sawa na ampea 16. Soketi imeshapitwa, na fyuzi ya 13 iliyo ndani ya plagi haikatiki papo hapo kwa ampea 16. Huweza kuvumilia muda mrefu. Katika muda huo joto linajikusanya kwenye pini na kwenye vibano vya soketi. Kila fundi wa pwani amewahi kufungua soketi akakuta plastiki imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja. Hiyo ndiyo historia yake.

Tena pasi na birika si ushahidi wanaoudhani. Birika huzima baada ya dakika chache, na pasi hujikata na kujiwasha. Kiyoyozi cha kampa huvuta tangu magharibi hadi alfajiri, usiku ambao hewa ya Pangani haisogei na chuma chote kina chumvi. Kifaa kilichothibitika kwa dakika tano hakijathibitika kwa saa kumi. Wapo wanaoongeza kwamba soketi yao ni ya matundu mawili, hivyo ni ampea 26. Kiwango cha Uingereza cha BS 1363, ambacho soketi hizi zimetengenezwa kukifuata, huijaribu soketi pacha kwa jumla ya ampea 20: 14 upande mmoja na 6 upande wa pili. Hiyo 26 imetoka kwenye kujumlisha matundu.

Dai la tatu ni dawa inayotolewa pale la pili linaposhindwa. Breka inakata kila mgeni akiwasha kiyoyozi, basi breka ndiyo mbovu. Iondolewe ya 20, iwekwe ya 32. Hapa sina budi kuwaomba wasomaji mrudi nyuma aya mbili na kulinganisha. Walewale waliosema ampea 13 zinatosha sasa wanalalamika kwamba ampea 20 ni chache. Kama 13 zinatosha, breka ya 20 haina sababu ya kukata. Kama breka ya 20 inakata kwa sababu ya mzigo, basi 13 hazitoshi. Wachague moja.

Wakishachagua, bado watakuwa wamesahau breka inalinda nini. Hailindi gari. Inalinda waya uliopita darini na ukutani. Waya wa milimita za mraba 1.5 ndani ya bomba ni wa ampea kama 15, na wa 2.5 ni kama 20, hupungua kidogo au kuzidi kidogo kulingana na ulivyolazwa. Breka ikiwa ndogo kuliko waya, mzigo ukizidi breka inakata na waya unabaki salama. Breka ikiwa kubwa kuliko waya, waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi, na fyuzi hiyo imelazwa chini ya makuti. Katika pwani hii ambako banda la jikoni, baa na mapokezi ya kambi vimeezekwa kwa makuti makavu, sijui namna ya kulitetea jambo hilo mbele ya mtu yeyote mwenye akili timamu.

Dai la nne: urefu wa waya si tatizo, ekstensheni inafika popote. Inafika, ni kweli. Umeme unaofika mwisho wake ndio wa kuuliza. Tuhesabu kwa mfano wa kawaida wa kambi ya ufukweni: nyumba yenye mita iko barabarani, magari yanaegeshwa chini ya mivinje, umbali wa mita 60, na waya ni wa 1.5. Umeme unakwenda mita 60 na kurudi 60, jumla 120. Ukinzani wa shaba ya urefu na unene huo ni omu 1.4. Kwa mkondo wa ampea 13, volti 18 zinapotea njiani, na wati zaidi ya 230 zinageuka kuwa joto kwenye waya. Tanesco ikileta 230 kamili, mgeni anapata 212. Kijiji kikiwa mwisho wa laini na kinapata 210 saa mbili usiku, mgeni anabaki na 192. Kompresa ya kiyoyozi inayojaribu kuanza kwa volti hizo hunguruma, huvuta mkondo mkubwa zaidi, hushindwa, hupumzika, hujaribu tena. Mgeni anaambiwa kiyoyozi chake kimeharibika. Waya wa 6 kwa umbali uleule ungepoteza volti 4.6 tu.

Na ile ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ikiachwa imejiviringa huku inavuta mzigo mkubwa, joto lake halina pa kutokea. Inyooshwe yote. Hilo halihitaji mjadala.

Dai la tano linahusu magari machache, lakini hasara yake ni kubwa, na limesemwa kwa kujiamini kuliko yote. Linasema ampea 30 ni ampea 30: gari la Kimarekani lililoandikwa 30 likifungiwa waya na breka ya 30 hapa kwetu, mambo yamekwisha. Ampea bila volti ni nusu ya habari. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, hezi 60. Wetu ni 230, hezi 50. Plagi ya gari la Kimarekani la ampea 30 hubeba wati 3,600. Plagi ya buluu ya ampea 16 wanayotumia Ulaya na Afrika Kusini kwenye kambi hubeba wati 3,680. Kumi na sita imeizidi thelathini. Mtu anayetazama ampea peke yake hawezi hata kueleza kwa nini.

Sasa gari hilo lifungiwe kwenye 230 kama wanavyoshauri. Hita ya maji iliyotengenezwa kuvuta wati 1,500 kwa volti 120 ikipewa 230 hudai wati zaidi ya 5,500. Haitaishi kuzipata. Watetezi hujibu kwamba chaja za simu na kompyuta zimeandikwa 100 hadi 240 na hazidhuriki, na hilo ni sahihi kwa chaja hizo, maana zimeundwa hivyo na zimeandikwa hivyo. Hita, kiyoyozi na jiko la mikrowevu la gari hilo vimeandikwa 120 peke yake. Huwezi kusoma maandishi ya kifaa kimoja ukayatekeleza kwenye kingine.

Lipo tawi la dai hili lenye akili zaidi, nalo nalipa heshima yake. Linasema magari makubwa ya Kimarekani, ya ampea 50, hutumia volti 240, kwa hiyo 230 yetu inayafaa. Ukweli ni kwamba gari hilo hupokea nyaya mbili za moto, na kati ya nyaya hizo mbili kuna volti 240, lakini karibu vifaa vyote vya ndani vimegawanywa pande mbili za volti 120, kila upande ukirudi kwenye nyutro ya katikati. Sisi nyutro ya katikati hatuna. Fundi akifunga fezi upande mmoja na nyutro yetu upande wa pili, akaiacha ya katikati ikining’inia, pande mbili zinakuwa zimefungwa mfululizo na zinagawana volti kwa kufuata ukinzani. Upande mmoja uwe na mzigo wa wati 1,200 na mwingine wati 120: ule mdogo unapata volti 209, ule mkubwa 21. Vifaa vidogo vinaungua, na kikubwa hakiwaki. Dawa ni transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa mzigo wote, na hata hiyo haibadilishi hezi. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 itazunguka polepole zaidi kwa hezi 50 na kupata joto zaidi. Mgeni anastahili kuelezwa haya kabla ya kuchomeka.

Nimefika kwenye dai la sita, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Linasema ethi si lazima kwenye kampa, kwa sababu gari limekaa juu ya matairi ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Wengine huongeza ushahidi wa uzoefu: miaka yote tumefanya hivi, hakuna aliyekufa.

Mpira haupitishi umeme. Nakubali. Tufuate maana yake hadi mwisho. Waya ndani ya gari umechubuka na kugusa bodi ya chuma. Bodi sasa ina volti 230. Kwa kuwa matairi yanaitenga na ardhi, umeme huo hauna pa kwenda, na breka haioni kitu, kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Gari linasimama kimya likisubiri njia. Njia ni mtoto anayetoka kuogelea, miguu mitupu juu ya mchanga uliolowa, anashika kitasa cha mlango. Au ni dada wa jikoni aliyetumwa kupeleka samaki. Matairi yanayodaiwa kuwa kinga ndiyo yaliyohakikisha kwamba mtu wa kwanza kugusa atakuwa ndiye ethi. Mkondo wa milliampea 30 tu ukipita kifuani unaweza kuua. Breka ya ampea 16 hupitisha mkondo mara mia tano ya huo bila kukata.

Wale waliokwisha kuchimbia fimbo ya ethi wasijione wako upande salama bado. Mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe ulioenea pwani hii hupitisha umeme vibaya. Fimbo ikipata ukinzani wa omu 50, na si ajabu kuupata huo, hitilafu ya volti 230 itapitisha ampea 4.6 ardhini. Breka ya 16 haitakata kwa ampea 4.6 hata mkikesha nayo, na bodi ya gari itaendelea kubeba karibu volti zote. Kinachokata hapo ni RCD ya milliampea 30, inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kukata ndani ya sekunde 0.3 ukipungua. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za viwanja vya kampa zinataka kila soketi ya gari iwe na RCD yake na breka yake. Hewa ya chumvi hukwamisha vifaa hivi pia, kwa hiyo kibonye chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara. RCD isiyokata ikibonyezwa haina kazi ukutani.

Kuhusu “hakuna aliyekufa”: huo ni ushahidi kwamba waya haujachubuka bado, au kwamba aliyegusa alikuwa na viatu. Hauthibitishi kwamba waya ukichubuka atakayegusa atapona. Na walewale wanaosema hakuna aliyewahi kudhurika ndio wanaosimulia, bila kuona mgongano wowote, kwamba gari fulani “lilikuwa linapiga shoti kidogo” wakahamisha plagi. Shoti kidogo ni hitilafu iliyokwisha kutokea na mtu aliyekuwa na bahati.

Dai la saba linatoka upande tofauti: mambo ya nguzo na soketi yamepitwa na wakati, kampa za sasa zina sola, jua la pwani ni kali, Tanesco haihitajiki. Kwa friji ya volti 12, taa, feni na simu, nawaunga mkono moja kwa moja. Friji ya namna hiyo hutumia kama nusu uniti kwa siku. Ila wanaolitoa dai hili huliendeleza hadi kwenye kiyoyozi. Paneli za wati 400 zikipata saa tano za jua kamili zinatoa uniti 2 kwenye karatasi. Paneli hupimwa kwa nyuzijoto 25. Juu ya paa la bati saa saba mchana zinafika 60 na zaidi, na uzalishaji unashuka kwa zaidi ya sehemu ya kumi. Ondoeni na upotevu wa betri na inveta, mnabaki na uniti moja na nusu hivi. Kiyoyozi cha wati 1,200, kompresa ikifanya kazi nusu ya muda tu, kwa saa nane kinataka karibu uniti 5. Na betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 200, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, inahifadhi uniti 1.2 za kutumika. Hiyo ni siku ya Januari. Wakati wa masika mnaweza kukaa siku nzima chini ya wingu. Tena gari lililoegeshwa kivulini chini ya miembe, kama kila mgeni anavyotaka, halipati jua la mchana.

Jenereta nitaimaliza haraka. Wanaosema ya kVA 5 inatoa kilowati 5 wasome kibati chake vizuri. Nyingi hutoa 4, na kiyoyozi wakati wa kuanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Isitoshe, jenereta ndogo nyingi nyutro yake haikuungwa na ethi, na katika hali hiyo RCD niliyoisifu hapo juu inaweza isikate. Fundi aikague kabla ya kuunganishwa na magari ya watu.

Linabaki dai la mwisho, ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini kwa kuwa ndilo la kweli moyoni mwao: kufunga vizuri ni gharama, biashara ya kambi ni ndogo, na mgeni analipa bei moja tu kwa usiku. Hili silidharau. Wenye kambi wengi wanaishi kwa msimu. Lakini tazameni hesabu zao wenyewe. Kwa bei ya umeme ya kundi la matumizi ya kawaida iliyoanza Aprili 2016, uniti ni shilingi 292, na ikiongezwa kodi na tozo inafika kama 356. Kampa yenye kiyoyozi na jiko la umeme inaweza kumaliza uniti 10 kwa usiku mmoja: shilingi 3,560, zinazolipwa na LUKU ya mwenye kambi. Nafasi moja ikijaa mwezi mzima, ni shilingi 106,800 zilizotolewa bure. Na aliyelala kwenye hema jirani, asiyetumia hata uniti moja, amelipa bei ileile. Biashara isiyo na fedha za waya wa 6 imekuwa na fedha za kugawa umeme kila usiku bila kujua imegawa kiasi gani.

Mita ndogo kwenye kila nafasi inarudisha fedha hizo. Kinachotakiwa mbali na mita kinahesabika: waya wa shaba wa unene unaolingana na umbali, soketi ya buluu ya ampea 16 yenye kifuniko cha mvua, breka ya 16 na RCD ya milliampea 30 kwa kila soketi, fimbo ya ethi iliyopimwa kwa kifaa badala ya kukisiwa, na fundi mwenye leseni ya EWURA wa kuyafunga na kusaini. Transfoma ya kijiji ikiwa haitoshi magari matatu yenye viyoyozi, mwenye kambi apokee mawili, na wa tatu aambiwe getini, kabla hajazima injini.